Saa Sita za Betri

Sura ya Tisa

Mama yake Xavery alimwamkia Inspekta Asmahani kwa shikamoo.

Hebu fikiria. Mwanamke mwenye wajukuu, kanga kiunoni, hotipoti ya wali mkononi, anamwinamia Asmahani, mtoto wa Bi Zuwena wa mtaa wa Gongoni ambaye amemwona akikua, anamwambia, "Shikamoo afande." Akiitikia ni laana, asipoitikia ni jeuri. Asmahani alijifanya anatafuta funguo mfukoni, akapita mlango wa kituo cha polisi kwa kasi mpaka bega likagonga fremu. Alipofika mezani kwake masikio yalikuwa yakimchoma kwa aibu, na siku ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Alijitakia mwenyewe. Jana yake, Alhamisi jioni, aliingia kwenye mazoezi ya kwaya pale parokiani, akamtoa Xavery katikati ya wimbo na kumfunga pingu mbele ya watu, mchumba wake Apolinaria akiwa amesimama mstari wa mbele na kitabu cha nyimbo wazi. Angeweza kusubiri nje. Kijana asingekimbia, ana duka la kompyuta jirani na soko na mji mzima unamjua. Lakini mlalamikaji alikuwa Mwalimu Recheli, na Mwalimu Recheli akikutuma jambo, unakimbia kwanza, unafikiri baadaye. Hata ukiwa na nyota begani. Aliwafundisha wote wawili, Asmahani na Xavery, kwa miaka tofauti, na wote wawili walikuwa bado wanamwogopa.

Na Jumapili ilikuwa tangazo la tatu la ndoa. Padri angesoma majina kwa mara ya mwisho. Mzee Nikolaus, baba wa Apolinaria, mkulima wa tumbaku asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshatoa neno lake: jina likisomwa na kijana hayupo kwenye benchi, atasimama yeye mwenyewe kutaja kizuizi. Hakuna baba anayempa binti yake mtu wa mahabusu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mwalimu Recheli sasa ni mkuu wa Sekondari ya Wasichana ya Misufini, nje kidogo ya Urambo. Umeme wa gridi haujafika pale. Kuna sola ya kuwasha taa na kuchaji mashine chache chache kwa zamu. Mtihani wa vitendo wa kompyuta ungefanyika kwa nguvu ya betri peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua, alimwomba Xavery alinganishe laptopu za aina mbili za bei nafuu: moja ina prosesa ya mbio na feni ya kuipoza, nyingine ina prosesa ya polepole isiyohitaji hata feni. Ipi inafanya kazi vizuri, na ipi inakaa na chaji? Xavery akapima, akampigia simu, akatoa majibu. Mwalimu akachagua zenye feni.

Siku ya mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, katikati ya karatasi ya pili, mashine zikaanza kuzima. Moja, ya jirani yake, safu nzima. Wasichana wakabaki wanatazama vioo vyeusi, kazi yao imepotea, na mtihani wa shule ukafutwa.

"Aliniahidi saa sita kwa zenye feni na saa nane kwa zisizo na feni," Mwalimu Recheli alisema alipofika kituoni Tabora. "Zimekaa saa nne. Amezibadilisha betri."

Koplo Festo, aliyekuwa kaunta, akaandika kwamba mtuhumiwa aliahidi masaa sita. Mwalimu akaigeuza karatasi kwa ncha ya kidole, akasoma, akamrudishia. Akamwambia afute, neno hilo halipo katika Kiswahili. Ni saa moja, saa mbili, saa mia, na wingi wa saa ni saa. Festo alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Xavery naye, alipohojiwa, hakumpa Asmahani kazi yoyote. Aliulizwa kama alijua mashine zile zingezima saa sita mchana.

"Nilijua, afande," alijibu. "Nilimwambia Mwalimu mwenyewe. Zenye feni, saa sita."

Basi, kesi imekwisha. Mtu anaahidi saa sita za betri, na hapohapo anakiri alijua kwamba mashine zilizowashwa asubuhi zitakufa adhuhuri. Huyo ni tapeli, tena tapeli asiye na haya. Hivyo ndivyo Asmahani alivyowaza Alhamisi. Ijumaa asubuhi, baada ya ile shikamoo, akaanza kujiuliza ni tapeli gani anayekiri kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.

Akachukua vielelezo viwili, laptopu moja ya shule yenye feni na ile sampuli isiyo na feni iliyokamatwa dukani kwa Xavery, zote zimechajiwa usiku kucha pale kituoni, akaenda kwa Sadiki.

Sadiki ni fundi mwingine wa kompyuta, mpinzani wa Xavery kibiashara, wa ukoo uliohamia Tabora na misafara ya pembe na haujaacha kupiga hesabu tangu hapo. Alifurahi kuitwa. Alifurahi mno, kwa kweli, hata Asmahani akaona haya kwa niaba yake. Aliipindua mashine ya shule, akapitisha ukucha juu ya skrubu na kumwonyesha Inspekta mikwaruzo.

"Imefunguliwa hii," alisema. "Mpya haiwi hivi. Nilijua tu."

Ilikuwa imefunguliwa kweli. Asmahani akahisi moyo ukitulia. Mikwaruzo ni kitu cha kushikika, unaweza kukipeleka mahakamani kwenye bahasha. Sadiki akatoa bisibisi, akaondoa mgongo wa mashine. Akatazama. Akachukua kurunzi, akatazama tena, na ile furaha ikaanza kumtoka usoni. Betri ilikuwa ya kiwandani, muhuri wake haujaguswa, namba yake inalingana na iliyoandikwa kwenye boksi. Prosesa ilikuwa ileile iliyotajwa. Kitu pekee kilichoongezwa ni kipande cha memori, na hicho shule yenyewe ilikiomba. Ndiyo sababu ya skrubu kukwaruzwa.

"Kwa hiyo hakubadilisha kitu," Asmahani alisema.

Sadiki alikubali kwa shida. Akasema labda basi alidanganya muda wa betri, na hilo linapimika.

Wakazipanga mashine mezani, ubavu kwa ubavu. Sadiki alizipa mwanga wa kioo uleule na kazi ileile, mfano wa kazi waliyopewa wasichana: kuchapa, kupanga jedwali kubwa la hesabu, kuweka picha. Kwanza alizipitisha kwenye kile kidude chake cha kupimia wati. Zikiwa zimewashwa tu bila kazi, zilikula umeme unaokaribiana. Mtu angesema ni ndugu. Lakini jedwali lilipofunguliwa, mambo yakawa mengine. Yenye feni ilikuwa imeshamaliza kupanga safu kabla Asmahani hajameza mate, na feni ikaanza kuvuma, na mita ikaruka kupita wati ishirini. Isiyo na feni ilifikirifikiri, ikazungusha kile kiduara chake, ikafungua polepole bila kelele, na mita haikufika hata kumi.

"Hii ya feni ni mpagazi mwenye nguvu," Sadiki alisema. "Anafika kwanza, lakini anakula ugali wa watu wawili. Kazi ikiwa ndogo, anamaliza anapumzika, huoni hasara. Kazi ikiwa haiishi, anakumaliza."

Na mtihani ni kazi isiyoisha. Wakachomoa chaji, wakaiacha programu ya Sadiki irudierudie kazi ileile, wakakaa kusubiri. Upelelezi mwingi ni kukaa. Wanaodhani ni kukimbizana na magari wajaribu kutazama feni ikizunguka asubuhi nzima kwenye duka lenye vumbi, mbele ya mtu anayependa kukueleza ubaya wa washindani wake.

Yenye feni ilizima kabla ya adhana ya Ijumaa, baada ya kukaa saa nne na dakika chache. Sadiki akaenda msikitini, akamwacha Inspekta na ile ya polepole. Aliporudi, kofia bado kichwani, ilikuwa ndiyo inakata roho. Ilikuwa imekaa saa sita.

"Umeona?" alisema Sadiki. "Kadanganya. Aliahidi sita na nane. Ukweli ni nne na sita."

Asmahani aliziandika zile namba daftarini. Alikuwa ameona kitu kingine, na kilikuwa kinamkera. Kila mashine ilikuwa imeongezewa saa mbili. Si moja, zote, na kwa kipimo kilekile. Mwongo hafanyi hivyo. Mwongo anayetaka kuuza yenye feni angeisifu yenye feni na kuiponda isiyo nayo. Anayetaka kuuza ile nyingine angefanya kinyume. Huyu alikuwa amezipandisha zote sawa, akaacha tofauti ya mashine hizo vilevile. Ni uongo gani huo usiomfaidi mwenye nao?

Akarudi kituoni, akamtoa Xavery mahabusu, akamkalisha kwenye kiti. Kijana alikuwa amevaa ileile fulana ya kwaya, viatu havina kamba. Asmahani alimuuliza alipimaje. Xavery akasema alipima kama anavyopima siku zote: anafungua duka, anachomoa chaji, anaziwasha, anaendelea na kazi zake hadi zizime. Akaulizwa kama alimwambia Mwalimu sita na nane. Akasema ndiyo. Akaulizwa kwa nini basi zimekaa nne.

Alitazama sakafu.

"Kama Mwalimu amesema nimekosea, afande, basi nimekosea," alisema hatimaye. "Mimi siwezi kusimama mahakamani nikambishia Mwalimu Recheli."

"Hata kama ni kufungwa?"

"Nitaanzia wapi?"

Kulikuwa na swali moja la kumuuliza pale, swali jepesi kama unyoya, na Asmahani hakuliuliza. Alikasirika badala yake. Alimwambia mtu mzima hovyo asiyejitetea anawapa watu dhambi, akamrudisha ndani. Alipotaka kutoka nje, mama yake Xavery alikuwa bado kwenye benchi anasubiri hotipoti. Asmahani akazunguka kupitia mlango wa nyuma, mlango wa jikoni, mpelelezi mzima.

*

Jumamosi alienda Urambo. Alipita vituo vya kununulia tumbaku, marobota yamepangwa nje na harufu yake ikiingia mpaka ndani ya gari, akafika Misufini wasichana wa bweni wakifagia uwanja.

Ofisi ya Mwalimu Recheli ilikuwa na kalenda ya Kanisa la Moravian, kamusi tatu na kiti kimoja cha wageni, kigumu. Asmahani aliamkia, akaitikiwa, akaambiwa amekonda. Akakaa, magoti pamoja. Ana miaka kumi na zaidi ya kuhoji majambazi, lakini kwenye kiti kile alikuwa amerudi kidato cha pili.

Alieleza alichofanya, hatua kwa hatua. Skrubu, betri, namba za boksi. Mwalimu alisikiliza bila kukatiza, mikono juu ya meza. Alipoambiwa betri hazikubadilishwa, midomo ilimkaza.

"Basi alinidanganya," alisema. "Nilimuuliza kuhusu vichakato vyote viwili, hizo mnazoziita prosesa. Nilichagua cha haraka kwa sababu saa sita zilinitosha. Karatasi mbili na mapumziko, saa sita. Ningejua ni pungufu ningechukua kile kingine, wasichana wangu wangevumilia upole wake. Wamelia hapa, Asmahani. Kuna wengine ndiyo mara ya kwanza kugusa kompyuta, na wanaamini wao ndio walioziharibu."

Asmahani akatambua kwamba mama huyu hakuwa na ubaya. Alikuwa na uchungu. Hilo lilifanya kazi iwe ngumu zaidi.

"Nimepima mwenyewe, mwalimu," alisema. "Kwa kazi kama ile, zenye feni zinakaa masaa manne."

"Saa nne."

"Naam?"

"Zinakaa saa nne. Hakuna masaa. Nilikupigisha magoti kwa neno hilo ukiwa na mikia miwili ya nywele, na bado unalo mdomoni."

Asmahani alisikia damu ikimpanda usoni. Mtu ana cheo, ana pingu kiunoni, anasahihishwa katikati ya mahojiano rasmi.

"Zinakaa saa nne," akarudia.

Na hapohapo, nje, kengele ikalia. Wasichana wakaacha mafagio, wakaanza kukimbilia bwalo na vikombe vyao. Ilikuwa kengele ya chai ya saa nne.

Asmahani aliganda. Masikioni mwake yale maneno mawili yalikuwa yamesimama pamoja. Zinakaa saa nne. Chai ya saa nne. Akaigeuza sentensi ile kichwani, akaigeuza tena. Ilikuwa na milango miwili na jana na juzi yeye alikuwa ameingilia mmoja tu.

"Mwalimu," alisema polepole, "Xavery alipokupigia, alisema masaa sita au saa sita?"

"Saa sita, bila shaka. Nilimfundisha mimi. Hathubutu kuniambia masaa."

"Hathubutu," Asmahani alisema. "Lakini kule mjini mtu akitaka kutaja muda, anasema masaa. Akitaka kutaja wakati, anasema saa. Nimekaa masaa mawili. Nimefika saa mbili. Ndivyo wanavyotofautisha."

"Wanakosea."

"Wanakosea, mwalimu. Lakini wanaelewana."

Asmahani akatoa simu, akampigia Koplo Festo, akaiweka sauti ya juu na kuilaza mezani kati yao. Alimwagiza aende kwa Xavery amuulize mambo mawili na asiongeze neno lake: duka lake hufungua saa ngapi, na alipomwambia Mwalimu saa sita, saa sita ipi. Wakasubiri. Walisikia mlango wa chuma, sauti za mbali, mtu akikohoa. Kisha Festo akarudi.

"Anasema duka anafungua saa mbili asubuhi, afande, siku zote. Na hiyo nyingine anashangaa. Anasema saa sita mchana, kwani kuna saa sita nyingine?"

Asmahani akakata simu. Hakukuwa na haja ya kueleza, maana mkono wa kushoto wa Mwalimu Recheli ulikuwa umeshuka chini ya meza, na ilionekana wazi begani kwamba anahesabu vidole. Kutoka mbili mpaka sita. Kisha akaanza upya, kutoka mbili mpaka nane.

Kijana alikuwa amepima nne na sita, sawasawa na Sadiki. Alikuwa ametaja saa ambayo kila mashine ilizima. Alimwambia ukweli kwa lugha ya watu wote, na Mwalimu akausikia kwa lugha ya kamusi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema lolote kuhusu kujikwaa sikio.

"Angesema mchana tu," alisema Mwalimu, kwa sauti ndogo. "Angesema saa sita mchana."

"Angesema. Hilo kosa lake, na nitamwambia. Lakini angekuwa anaongea na mtu mwingine yeyote, angesema masaa manne na yote haya yasingekuwapo."

Mwalimu aliivua miwani. Bila miwani alionekana mzee kuliko Asmahani alivyowahi kumwona, na Asmahani alitamani kuangalia pembeni.

"Nilimwita mwizi mstarini," alisema. "Mbele ya shule nzima. Nilisema, huyu nilimlea mimi na ameniibia. Naona aibu, Asmahani. Naona aibu mpaka tumboni."

"Hata mimi," Asmahani alisema. "Nilimfunga pingu kwenye kwaya."

Kisha Mwalimu akavaa miwani, akachukua mkoba, akauliza kama kuna nafasi kwenye gari.

*

Walifika kituoni alasiri. Mama yake Xavery alikuwa kwenye benchi lake, safari hii na Apolinaria pembeni, na mzee Nikolaus amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuchukua jibu na kuondoka. Alikuwa hajakaa, wala hakutaka kukaribishwa.

Asmahani alimwambia Mwalimu kwamba maelezo ya kufuta malalamiko yanaweza kuchukuliwa ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Alimpa nafasi hiyo kwa heshima, na kusema kweli alijipa na mwenyewe. Mwalimu alitazama mlango wa ofisi, akamtazama mzee Nikolaus, akaenda kusimama kaunta.

Festo akachukua kalamu. Mwalimu alianza kueleza, kwa sauti yake ileile ya darasani inayofika benchi la nyuma: kwamba Xavery alipima mashine kwa uaminifu, akataja wakati zilipozima, na yeye akadhani ametaja muda ziliokaa. Kwamba hakuna kilichobadilishwa wala kuibwa. Kwamba mashine zilikaa na chaji muda uleule alioupima fundi, nao ni...

Kalamu ya Festo ikasimama. Alinyanyua macho, jasho linamtoka, akikumbuka ile karatasi iliyotoboka.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Hapa niandike saa nne au masaa manne?"

Mzee Nikolaus aligeuka kusikiliza. Apolinaria alikuwa amesimama. Mwalimu Recheli aliishika kaunta kwa mikono miwili. Zile kamusi tatu zote zilimpita usoni, na miaka yote ya chaki, na kila mtoto aliyemsimamisha mbele ya darasa arudie.

"Andika masaa," alisema.

Festo aliandika haraka, asije akabadili mawazo.

Walipomtoa Xavery, alimwona Mwalimu kabla ya kumwona mama yake wala mchumba wake, na mikono ikamwenda nyuma yenyewe. "Shikamoo mwalimu," alisema. Mwalimu alishindwa kuitikia. Alimshika kichwa kwa mkono mmoja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akamwambia Jumatatu atasimama mstarini na kuwaambia wasichana nani aliyekosea. Xavery akaanza kusema kwamba yeye pia alipaswa kueleza vizuri. Mwalimu akamwambia anyamaze, kwa mara ya kwanza maishani hajafanya kosa la lugha.

Mzee Nikolaus alikohoa.

"Misa ya kwanza ni saa moja," alimwambia kijana. "Saa moja asubuhi. Usije ukanielewa vingine." Akavaa kofia, akaondoka.

Asmahani angeweza kuishia pale. Jalada limefungwa, mtu yuko huru, kila mtu anaona kazi imefanyika. Lakini pingu hakuzifunga kaunta, na aibu huwezi kuifulia chumbani kama uliichafulia uwanjani. Kwaya ilikuwa na mazoezi ya Jumamosi jioni ileile. Akawapakia Xavery, Apolinaria na mama kwenye gari la polisi, akaendesha mwenyewe mpaka parokiani, akaingia akiwa na sare zake, Mwislamu wa Gongoni katikati ya kinanda na vitabu vya nyimbo. Wimbo ukakatika vipande vipande, sauti ya nne, ile nzito, ikiwa ya mwisho kunyamaza.

Alisema, "Alhamisi nilimchukua mtu hapa mbele yenu. Hakuwa na kosa. Nilikosea mimi, kwa kukimbilia. Nimemrudisha."

Hakuna aliyepiga makofi wala kusema amina. Xavery alipita kati ya viti, akasimama mahali pake, jirani yake akamsogezea kitabu. Apolinaria alikwenda mstari wa mbele na hakumtazama Inspekta hata kidogo. Walikuwa na haki hiyo. Asmahani akageuka kutoka, uso unamwaka.

Mama yake Xavery alikuwa amebaki mlangoni. Alipomwona afande anakuja, magoti yakaanza kukunjika kwa ile hofu ya siku mbili. Asmahani akamwahi, akainama yeye, chini kabisa, mkono kifuani.

"Shikamoo mama."

Mama alitazama nyota begani, kisha akamtazama usoni. Ndani kinanda kilianza tena.

"Marahaba," alisema. "Hotipoti yangu imebaki kituoni."